Kichwa cha Pacha Wangu

Kaka yangu hakuwa shujaa. Nalisema mapema, tena nalisema kwa hasira, kwa sababu Beni nzima ilimwita shujaa, na sifa hiyo nusura imzike.

Tulizaliwa siku moja. Yeye alitangulia, mimi nikafuata nikilia, na mama alikuwa anapenda kusimulia kwamba kilio chenyewe sijakimaliza mpaka leo. Baba alikufa kwa ugonjwa kabla ya vita, tukabaki watatu katika nyumba yetu ya Bungulu. Pale mtaani watu walikuwa na neno lao juu ya mapacha: kichwa ni kimoja, Mungu amekigawa tu. Mmoja akiugua tumbo, mwingine anapewa dawa naye. Nilipong'oa jino, jirani alimwuliza kaka kama anasikia maumivu. Usicheke. Ndivyo tulivyoishi, na hakuna aliyeona ajabu.

Katika miaka ile ya vita kaka alikuwa dereva wa kamionete ya tajiri mmoja wa Butembo. Alipakia mafuta ya mawese na magunia ya maharage, na watu juu ya magunia, akaenda na kurudi kati ya miji yetu miwili. Barabarani kulikuwa na barieri za basoda, vizuizi vya askari: kamba tu, imefungwa mti huku na mti huku, na kwenye kamba kijana mwenye bunduki na macho mekundu. Abiria walikuwa wanatetemeka wote, hata wanaume wenye ndevu. Yeye, soda akimfokea, alimwangalia tu. Hapepesi macho. Hajibu. Kisha baada ya kitambo anasema pole pole, "Unasema aje, chef?" Na mara nyingi ni soda mwenyewe aliyegeuza macho pembeni na kulegeza kamba. Abiria wakifika Beni wanaeneza: yule kijana ni mwanaume kweli kweli, risasi yenyewe inamwogopa.

Na mimi? Mimi nilikuwa mwoga mwenye mdomo mkali, na hayo mawili yanakaa pamoja vizuri kuliko mnavyofikiri. Naogopa, halafu nakasirika kwa sababu nimeogopa. Kila buti ikipita nje ya lupango, ua wa nyumba yetu, nilikimbilia kufunga mlango. Nilikuwa nagombana na mama, na jirani, na mbuzi wa jirani, na usiku silali. Watu walitupima hivi: mwanaume ametulia, mwanamke anapiga kelele, kila mmoja kapewa tabia yake. Mama alisema hata tumboni mwake upande mmoja ulikuwa kimya na upande mwingine unapiga mateke.

Wakati huo nilikuwa nimeposwa. Mchumba wangu alikuwa mfanyabiashara, akivuka mpaka kule Kamango kwenda Uganda na kurudi na vitenge na sabuni. Kwao ni Butembo, familia ya kanisani, watu wa heshima sana. Mbuzi za mahari zilikuwa zimekubaliwa, ilibaki kuletwa. Nilimpenda yule mwanaume, sioni haya kusema. Alikuwa ananichekesha. Katika vita, mtu wa kukuchekesha ni kitu kikubwa.

Halafu nikaanguka sokoni.

Nilikuwa nachagua sambaza. Risasi moja ikapigwa nyuma ya vibanda, moja tu, na soko zima likakimbia. Mimi sikukimbia. Miguu ilikatika, mikono ikajikunja, nikaanza kutetemeka pale chini katikati ya samaki, na suruali ya ndani ikalowa. Masikio yalikuwa yanasikia kila kitu. Nilimsikia mama mmoja, tunayesali naye kanisa moja, akipiga kelele: "Musimuguse! Ni kifafa! Mate yake ikikurukia, umekwisha!" Wakarudi nyuma wote. Nililala pale peke yangu mpaka mwili uliponiachilia, nikajiokota, nikaenda nyumbani bila samaki.

Kwetu mtu wa kifafa anapewa sahani yake na kikombe chake. Watu wanaamini unaambukizwa, wanaamini uko katika damu ya ukoo, na hakuna familia itakayotuma mbuzi zake kwenye nyumba yenye neno hilo. Mama alifunga mlango tukiwa wawili ndani, akakaa kitandani kwangu.

"Mutoto yangu, sema kweli. Ulipoteza akili?"

"Hapana, mama. Niliogopa tu."

"Batu banasema ni kifafa. Bakisikia Butembo, ndoa imekufa. Donc tutaenda kwa bamasera. Kule kuko mashine ya kusoma kichwa. Masera aseme kwa mudomo yake kama uko muzima."

Nikaogopa mashine ya watawa wale kuliko kifafa chenyewe. Nilikuwa nimesikia kwamba inachora yaliyomo kichwani kwa wino. Basi ndani yangu kuna nini, wapenzi? Kuna matusi. Kuna chuki niliyonayo kwa basoda, ambayo ukiisema kwa sauti unauawa. Nilijiona karatasi inatoka na kila kitu kimeandikwa, na mtu anaisoma huku anatikisa kichwa.

Tulipanda kamionete ya kaka asubuhi, mimi na mama mbele pamoja naye. Njia ya Butembo inapanda, baridi inaingia, ukungu unafunika migomba na hujui nyuma yake kuna nani. Nilisali njia nzima. Tulipita barieri zote salama. Kwenye moja kaka alitazama soda kwa ule utulivu wake, na mama akanigonga kwa kiwiko, yaani, tazama mwenzako.

Kituo cha bamasera kilikuwa juu ya kilima, nyumba ndefu ya matofali. Umeme hakuna, kwa hiyo mgonjwa alikuja na chupa yake ya mazutu kwa ajili ya jenereta, nasi tulikuwa na yetu, mama ameiminya kwapani. Masera mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Lubero, mwanamke mfupi mwenye miwani, aliyefundishwa kazi hiyo Kinshasa. Mashine ilikuwa ya zamani, sanduku la chuma lenye kalamu nyembamba mstari mzima, na chini yake karatasi inayotembea. Akatuonyesha kofia ya mikanda ya mpira na vifundo vya pamba vya kulowesha kwa maji ya chumvi.

"Ni rahisi," akasema. "Ila nywele zifumuliwe, niione ngozi ya kichwa."

Mama akasimama kama ameketi juu ya siafu.

"Hapana, masera! Hii nywele tumesuka juu ya mahari. Bakwe banaweza kuya wakati yoyote. Mwanamuke akionekana na nywele ya kufumuliwa batauliza ni nani amekufa. Unataka tuite kifo ndani ya nyumba?"

Kweli kwetu nywele zilizoachwa wazi ni za msiba. Masera alikuwa mtu wa kwetu, alijua, akairudisha kofia mezani. Ndipo mama akapata akili yake, ile ambayo ingezaliwa Bungulu tu. Akamshika mkono kaka, aliyekuwa mlangoni, kichwa kimenyolewa safi kwa wembe.

"Soma huyu. Ni pacha yake. Kichwa ni kimoja."

Nikalipuka. "Mama! Nimeanguka mimi, kinasomwa kichwa cha mwingine? Nikiumwa mguu utapeleka wake?"

"Nyamaza. Wake ametulia, itatoka nzuri. Na nzuri yake ni nzuri yako."

Masera akacheka, akaweka mkono mdomoni. Akasema vichwa ni viwili, hata vya mapacha. Lakini mama alikuwa ameshamkalisha kaka kwenye kiti, na mazutu yalikuwa yanaungua. Kaka naye alicheka, akasema, "Nisomeni tu, nilale kidogo." Sijui kama masera alikubali kwa kuchoka au kwa huruma. Akamfunga kofia.

Kalamu zikaanza. Kaka akifumba macho, mistari inapanda na kushuka taratibu, imelingana, inapendeza. Akifumbua inakuwa midogo na ya haraka. Mama akaniangalia kwa ushindi. Nikamwuliza masera, kwa sababu siwezi kukaa kimya, kama mistari ile inaonyesha mtu ni mpole au mkali, mwanaume au mwanamke.

"Kila mutu ananiuliza ile," akasema bila kuondoa macho kwenye karatasi. "Ukikusanya batu bengi, banaume upande huu na banamuke upande ule, balimu ya Ulaya banasema utaona tofauti kidogo. Hata wa kupenda batu na wa kukaa peke yake, banatafuta kama mawimbi yao haifanane. Mais karatasi moja mbele yangu? Wapi! Siwezi kujua ni ya suruali ao ni ya kikwembe. Na hasira siioni, dada. Usiogope, sitasoma matusi yako."

Nikaona haya. Alijuaje?

Kisha akamwambia kaka apumue kwa nguvu, ndani, nje, haraka, kama mtu anayepulizia makaa, asiache mpaka aambiwe. Kaka akapuliza. Jasho likamtoka. Nilikuwa namwangalia yeye, si karatasi, ndiyo maana nilikiona. Aliacha kupuliza. Macho yake yakafunguka, yakatulia juu ya ukuta, hayapepesi. Ule utulivu. Ule uso wa barieri, uliotufanya tujivune sokoni na kanisani. Na wakati huo huo kalamu zote zikaruka pamoja, juu chini, juu chini, zinakwaruza karatasi mpaka meza inatingishika.

Masera akamwita kwa jina. Hakujibu. Akapiga makofi mbele ya pua yake. Hakujibu. Kisha kalamu zikatulia kwa ghafula, kaka akapepesa macho, akasema pole pole, "Unasema aje, masera?"

Ee Mungu wangu. Kumbe kwenye zile barieri zote hakuwa akiwatazama basoda. Hakuwepo.

Masera alizima jenereta ili tusikilizane. Akasema ni kifafa, cha aina isiyoangusha: kinamchukua mtu kitambo kidogo na kumrudisha, na mwenyewe hajui kama ameondoka. Akamwuliza kaka kama pale barieri anaogopa. Kaka akasema, "Moyo inapiga sana. Ninapumua mbio mbio. Halafu nasikia tu soda ananiachilia." Alikuwa anaogopa kama mimi! Miaka yote hiyo. Mimi woga unanitoa mdomoni, yeye unampumulisha haraka mpaka kichwa kinazimika, na kwa kuwa ni mwanaume tukakiita kichwa hicho moyo wa simba.

"Hapana endesha tena gari," masera akamwambia, na mara hii hakucheka. "Leo nitakupa vidonge. Haitafanya kazi leo leo, ni kila siku, muda murefu. Mais usukani, uache. Utaingiza batu mu shimo."

Nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikaketi kitini, nikaanza kufumua nywele mwenyewe. Mama alinivuta mkono, nikamtoa. Nilikuwa nimechoka na kichwa kimoja. Masera akawasha jenereta tena, akanifunga, na mimi nikapuliza mpaka nikaona nyota. Mistari yangu ilitoka laini mwanzo mpaka mwisho. Mimi, ninayegombana hata na jiwe! Masera akasema ninachoumwa ni woga, na woga katika nchi hii si ugonjwa, ni kwamba masikio yangu yanafanya kazi.

Ungedhani mama angefurahi. Alikaa kwenye benchi ya nje, amejishika kichwa.

"Musiseme," akatuambia. "Mpaka mbuzi ifike, musiseme kwa mutu yoyote. Bakijua juu ya ndugu yako, batasema ni kichwa moja. Bataacha kukuoa."

Na alikuwa sahihi, kwa sababu ni yeye mwenyewe na watu kama yeye waliosema hivyo maisha yetu yote. Nilifunga kitambaa juu ya nywele zilizofumuka. Nikakubali. Nilimtaka yule mwanaume.

Tungerudi namna gani? Gari ni la tajiri, mzigo umeshapakiwa, dereva mwingine hakuna, na kumtafuta ni kueleza kwa nini. Kaka akameza kidonge chake cha kwanza, akacheka, akasema atapumua pole pole. Hapo kwenye maegesho tukamkuta tanti wa mchumba wangu, dada mkubwa wa baba yake, mwanamke mrefu mwenye rozari mkononi. Ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika ukoo wao. Alikuwa anakwenda Beni kumwona mama yangu, kumaliza habari ya mbuzi. Nadhani alikuwa ameshasikia ya soko, anataka kuniona kwa macho yake.

"Mwanangu, habari ya siku nyingi," akaniambia, akinishika mashavu. "Unatoka wapi na baridi hii?"

"Kwa bamasera, tanti. Nimepimwa, niko muzima," nikasema. Haukuwa uongo.

"Wasingya, Mungu," akashukuru kwa lugha ya kwao, akabusu rozari.

Akapewa kiti cha mbele kwa heshima. Mimi nikakaa katikati, mama akapanda nyuma juu ya magunia. Sijawahi kuogopa safari kama ile. Kila kona nilitazama macho ya kaka, si barabara. Akipepesa, napumua. Akichelewa kupepesa, mkono wangu unakwenda kwenye usukani. Nilimsemesha maneno ya kijinga, mvua, bei ya chumvi, jibu, jibu tena, mpaka tanti akasema, "Mwache dereva afanye kazi, mwanangu." Nikatabasamu. Nikamwuliza kaka bei ya sabuni.

Tulishuka mpaka joto la Beni lilipoanza kuingia dirishani. Nikaanza kuamini tumefika. Barieri ya mwisho walikuwa wamebadilisha basoda. Huyu hatukumjua, naye hakuwa amesikia sifa za mtu yeyote. Alikuwa amelewa, au alikuwa anaogopa na yeye, siku hizi najua vinafanana. Alikuja upande wa kaka, akapiga mlango kwa kitako cha bunduki.

"Zima moteur! Shuka! Oyoki te? Hausikii?"

Kaka alianza kupumua haraka. Niliona kifua. Nikasema moyoni, pole pole, kaka, pole pole. Kisha kifua kikatulia, na uso ule ukaja.

"Nimesema shuka! Unanitazama namna gani? Unanizarau?"

Kaka alimtazama. Soda aliingiza mkono dirishani, akamshika ukosi, akamtikisa, na kichwa cha kaka kikayumba, macho hayakuhama. Yule mtu alimwachia, akarudi hatua moja, akaikoki bunduki. Ule mlio mdogo wa chuma ndio ulionifungua mdomo. Tanti alikuwa ameniegemea begani, nasikia anavyosali. Neno lilikuwa kwenye ulimi wangu, na nilijua bei yake yote.

"Hapana piga!" nikapiga kelele. "Ni mugonjwa! Iko na kifafa! Ni kaka yangu, ni pacha yangu, iko na kifafa, haikusikie! Masera amemupima leo, ni kifafa!"

Nililisema tena na tena, sijui mara ngapi, kwa sauti ile ile waliyoniimbia sokoni. Soda alitazama mkono wake uliomshika kaka. Akaufuta kwenye suruali, akaufuta tena, mbele na nyuma, kwa nguvu.

"Ondokeni," akasema. "Muende na magonjwa yenu."

Akaangusha kamba mwenyewe.

Kaka akapepesa macho. "Unasema aje, chef?" akauliza, lakini soda alikuwa ameshakwenda kutafuta maji ya kunawa.

Tanti alifungua mlango. Hakunitukana, ningependa anitukane. Alikusanya kitenge chake kisiguse changu, akashuka, akachukua kikapu chake, akaanza kutembea kuelekea mjini kandokando ya barabara, mwanamke wa umri ule, peke yake, mbele ya bunduki. Aliona hapo ni salama kuliko kukaa nasi.

"Tanti anaenda wapi?" mama akaita kutoka juu ya magunia. Upepo na mlio wa injini vilikuwa vimemficha kila kitu. "Eh! Mbona tanti anashuka?"

Kaka alinitazama. Uso wangu ulimwambia mengi kuliko karatasi ya masera.

"Umesema?" akaniuliza.

"Nimesema."

"Mbele yake?"

"Mbele yake."

Akazima gari. Akaweka kichwa juu ya usukani na kulia, kaka yangu, mbele ya barieri, mabega yanatikisika, na basoda wanamtazama. Mama alikuwa anapiga bati la paa, anauliza, anauliza. Niliinama, nikachomoa funguo, nikazitia kwenye kitambaa nilichofungia nywele.

Kisha nikashuka kwenda kumwambia mama.